Kusawazisha Kinoo Pasipo na Maji ya Kumwaga

Kinoo hakiliki sawasawa. Kisu hupita katikati kila mara na pembeni mara chache, na baada ya miezi ya kazi uso uliokuwa bapa huwa bonde. Anayenoa huanza kulaumu chuma cha kisu, au duka lililomuuzia, au mkono wake mwenyewe, ilhali kosa liko kwenye jiwe. Bonde hilo huondolewa kwa kusawazisha: uso wa kinoo husuguliwa juu ya kitu kingine mpaka urudi kuwa bapa. Swali ni kitu hicho kingine kiwe nini.

Kalokol ni mahali panapofaa kuliuliza swali hilo. Mji huu wa uvuvi uko karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, takriban kilomita 60 kutoka Lodwar, na makali ya namna mbili hukutana hapo. Kuna visu vya samaki, ambavyo vingi viko mikononi mwa wanawake: tilapia hupasuliwa na kutandazwa juani, mbuta hukatwa vipande na kutiwa chumvi, kisha mzigo husafiri kuelekea Kitale, Kisumu na Busia, na mwingine huvuka mipaka hadi Kongo. Kuna pia patasi na randa za mafundi wanaokarabati mashua za mbao na kutengeneza milango na vitanda. Lodwar mafundi hao ni wengi zaidi. Kakuma nako, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, useremala hufundishwa katika chuo cha ufundi cha Don Bosco. Wote hawa hununua kinoo cha aina moja, lakini wanachokidai kinoo hicho kiwafanyie kinatofautiana sana.

Jibu linalotolewa upesi siku hizi, hasa na wanaouza vifaa, ni bamba la almasi. Ni kifaa kizuri. Hata hivyo, kwa mtu wa Kalokol si chaguo la kwanza, wala la pili. Kipande cha kioo cha dirisha, karatasi za msasa wa maji na mazoea ya kusawazisha mapema vinatosha kwa kazi ngumu kuliko zote inayofanyika hapo, na kwa sehemu kubwa ya kazi nyingine sakafu ya saruji inatosha. Ili kuona kwa nini, ni lazima kuanza na namna kinoo kinavyochakaa.

Kinoo kilichozoeleka katika maduka ya vifaa nchini Kenya ni kile cha kijivu chenye pande mbili, mmoja wa chembe kubwa na mwingine wa chembe ndogo. Mara nyingi chembe hizo ni silikoni kabaidi, kitu kigumu kilichotengenezwa kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuuzwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891, naye akakiita carborundum. Katika kipimo cha ugumu alichokibuni Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huweka ulanga kwenye 1 na almasi kwenye 10, silikoni kabaidi hupita 9. Chuma cha kisu kilichotiwa ugumu hukaa karibu na 6 au 7. Kwa tofauti hiyo, kisu hakiwezi kuzikwaruza chembe za kinoo. Kinachoshindwa ni kile kinachozishika pamoja, udongo uliochomwa mpaka ukakaribia kuwa kioo. Chembe iliyopoteza ncha huburuzwa kwa nguvu zaidi, udongo unaoizunguka huachia, nayo hung'oka. Chini yake hutokea chembe nyingine yenye ncha mpya.

Kung'oka huko si ila ya jiwe. Kinoo kisichoachia chembe zake hulainika, huanza kung'aa, na hatimaye huteleza juu ya chuma bila kukikata. Bonde la katikati ni gharama ya ukataji, na hakuna kinoo chochote kinachokata vizuri ambacho hakitoi gharama hiyo. Mtaalamu wa kioo F. W. Preston aliieleza hesabu yake mwaka 1927: kiasi kinachoondoka mahali fulani hukua kadiri ya mgandamizo unaopata mahali hapo na umbali wa msuguo unaopita juu yake. Katikati ya kinoo hupata vyote viwili kwa wingi. Ncha hupata kidogo, kwa kuwa kila mtu huogopa kisu kisiteleze nje.

Je, bonde hilo lina madhara gani? Hapa ndipo ushauri mwingi hupotea, kwa sababu hutolewa kana kwamba makali yote ni mamoja. Tuchukue kinoo chenye urefu wa milimita 200 ambacho katikati kimebonyea kwa milimita 1. Bonde kama hilo ni sehemu ya duara kubwa lenye nusu kipenyo cha mita 5, na mteremko wake kwenye ncha za jiwe ni kama digrii 1.1. Kisu cha samaki hunolewa kwa pembe ya digrii 15 hadi 20 kila upande. Mkono wa binadamu, hata wa aliyezoea, huyumba zaidi ya digrii moja kutoka mpito mmoja hadi mwingine. Kwa maneno mengine, bonde la milimita moja huongeza kosa dogo kuliko lile ambalo mkono umekwisha kulileta. Kisu hutoka na makali yaliyobinuka kidogo, na kwa kupasua tilapia makali hayo hukata vizuri na kudumu vizuri.

Kisu huanza kuteseka pale tu bonde linapokuwa refu kwenda chini kiasi kwamba ukingo wa jiwe unagonga ubavu wa kisu, au pale bonde linapovuka upana wa jiwe na ncha ya kisu ikawa haifiki chini. Kabla ya hapo, muda unaotumika kusawazisha jiwe la visu pekee ni afadhali utumike kunoa. Kuna makali ambayo ubapa hauyahusu kabisa. Abarait, kisu cha duara ambacho wanaume wa jamii ya Waturkana wamekivaa mkononi tangu zamani, makali yakitazama nje na kufunikwa kwa ngozi, kina ukingo uliobinuka pande zote. Ukingo wa namna hiyo hugusa jiwe lolote mahali pamoja tu kwa wakati mmoja, liwe bapa au bonde.

Kwa seremala mambo hubadilika. Mgongo wa patasi, upande ule usio na mteremko, ndio unaoongoza chombo ndani ya mbao, na lazima uwe bapa. Ukilazwa kwa urefu wa milimita 50 juu ya bonde lilelile la milimita 1, mgongo huo hufuata umbo la jiwe na kutoka na mbinuko wa karibu milimita 0.06. Ni unene wa unywele, lakini athari yake ni kubwa. Baadaye, mgongo uliobinuka ukiwekwa juu ya jiwe zuri, makali yenyewe huwa yameinuka na hayagusi kitu. Ule uzi mwembamba wa chuma unaojikunja ukingoni wakati wa kunoa hauondoki, na fundi hunoa upya upande wa mteremko bila kujua kwamba tatizo liko mgongoni.

Randa ni kali zaidi katika madai yake. Maranda ya kumalizia ubao huwa na unene wa milimita 0.1 au pungufu. Ikiwa kinoo kimebonyea kwa upana, tuseme milimita 0.2 tu, kisu cha randa chenye upana uleule hutoka na makali yaliyobinuka kwa kiasi hicho au zaidi. Katikati ya makali hukata na pembe zake haziufikii ubao. Fundi akishusha kisu ili pembe zifike, katikati huchimba mfereji. Mbao mbili za mashua zilizopigwa randa hiyo hazikutani vizuri, na pengo lililobaki huzibwa kwa kitu ambacho kinapaswa kununuliwa na kurudiwa kila mara. Kwa hiyo anayenoa randa na patasi anahitaji jiwe bapa kweli, na mjadala wa kifaa unamhusu yeye hasa.

Kusawazisha hutumia kanuni ileile ya Preston, safari hii kwa faida. Jiwe lililobonyea likiwekwa juu ya kitu bapa, ncha zake zilizoinuka hubeba uzito wote, na katikati hakuguswi. Ncha huliwa mpaka ziikute katikati. Kutokana na hilo, kifaa chochote cha kusawazishia hupimwa kwa kuuliza kama ni bapa sasa, kama kitabaki bapa baada ya kazi nyingi, na kama kinaondoa jiwe upesi kiasi cha mtu kukubali kukitumia tena wiki ijayo. Swali la pili ndilo husahaulika. Kifaa kinalisugua jiwe, na jiwe nalo linakisugua kifaa. Kikishabonyea, hakuna njia ya kukifanya kitoe jiwe bapa.

Mfano ulio wazi wa usahaulifu huo ni lile tofali la kusawazishia linalouzwa pamoja na vinoo, la silikoni kabaidi yenye chembe kubwa na mifereji iliyokatwa mshazari. Mifereji husaidia tope kutoka, na tofali hukata vizuri. Lakini limetengenezwa kwa kitu kilekile ambacho kinoo kimetengenezwa nacho, nalo huliwa kama kinoo, na mengine hutoka dukani yakiwa yamejipinda. Mnunuzi sasa ana mawe mawili ya kusawazisha. Fedha hiyo ingenunua msasa wa mwaka mzima.

Sakafu ya saruji inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Hukata kwa sababu ya mchanga uliomo ndani yake, na ukimwagia mchanga mwingine na maji kidogo hukata upesi zaidi. Si bapa kwa kipimo cha seremala, lakini jiwe likizungushwa na kuhamishwa mahali mara kwa mara, makosa ya sakafu huchanganyika na kupungua. Upande wa chembe kubwa wa kinoo cha visu hauhitaji kingine. Upande wa chembe ndogo hauvumilii, kwani punje moja kubwa ya mchanga iliyokwama ndani ya vinyweleo vyake itachora makali ya kila chombo kitakachonolewa hapo baadaye.

Mchanga wenyewe una daraja zake, na Turkana haina uhaba wa kuchagua. Mchanga wa kawaida una kwatzi nyingi, madini yenye ugumu wa 7. Hauwezi kuzikwaruza chembe za silikoni kabaidi, lakini unaweza kuula udongo unaozishika, na hivyo kuzing'oa. Mchanga uliopeperushwa na upepo, ule unaohama na kulundikana kati ya mji na ziwa, umegongana kwa muda mrefu mpaka pembe zake zikaviringika. Huviringika chini ya jiwe na kukata kidogo. Mchanga wa mto, kwa mfano ule wa Turkwel unaochotwa Lodwar kwa ujenzi, bado una pembe zaidi. Ukichekechwa, ukaoshwa na kutupwa kila unapogeuka uji mlaini, unafanya kazi kwa gharama ya jasho pekee.

Kuna njia moja isiyohitaji kitu chochote bapa cha kuanzia, nayo ni ya thamani mahali ambapo vifaa hufika kwa kuchelewa. Mawe mawili yakisuguana, yatapatana, lakini si lazima yawe bapa: moja laweza kuwa bonde na jingine mbinuko, yakalingana kabisa. Likiongezwa la tatu, hali hiyo haiwezekani tena. Tuyaite A, B na C. Ikiwa A ni bonde na B ni mbinuko unaolingana nalo, basi C likisuguliwa juu ya B mpaka lipatane nalo litakuwa bonde pia. Sasa A na C yakikutanishwa ni mabonde mawili yanayogusana kwenye ncha tu, na kusuguana kwao huondoa ncha hizo. Ukizungusha zamu, A na B, B na C, C na A, umbo pekee ambalo mawe yote matatu yanaweza kulingana nalo ni ubapa. Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza, aliiwasilisha kanuni hiyo Glasgow mwaka 1840 mbele ya Shirika la Uingereza la Kuendeleza Sayansi, yeye akiitumia kwa mabamba ya chuma yaliyokwanguliwa badala ya kusuguliwa. Karakana nyingi za mashine duniani zimepata ubapa wao wa kwanza kwa njia hiyo, bila kipimo kingine cha kuutegemea.

Kwa mafundi watatu wenye vinoo vya aina moja, njia hii haihitaji kununua chochote. Inatosha kukutana mara moja, kuweka zamu kwa uaminifu na kuligeuza jiwe robo mzunguko kati ya zamu na zamu, kwa maana bila kuligeuza mawe yanaweza kulingana huku yamejisokota kwa mshazari. Ila njia hula mawe matatu ili kuponya moja, na ni ya polepole. Mtu ataitumia pale ambapo hana kioo.

Huenda msomaji akauliza kuhusu mawe ya nchi yenyewe, kwa kuwa Turkana ni nchi ya mawe. Magharibi mwa ziwa, mahali paitwapo Lomekwi, ndiko zilikopatikana mwaka 2011 zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana, nyingi zikiwa za mawe ya volkano kama basalti na fonolaiti. Waliozitengeneza walihitaji jiwe zito linalovunjika na kuacha ukingo mkali. Jiwe la kusugulia linatakiwa liwe na tabia ya kinyume, yaani liachie punje zake moja moja. Basalti haiachii. Nguzo za Namoratunga kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, ambazo watu walizisimamisha kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, ni za basalti na bado zimesimama. (Nguzo hizo ni urithi unaolindwa, na mtu asivunje hata kipande kwa ajili ya kazi yoyote.) Jiwe la mchanga lina tabia inayotakiwa, na kipande chake kinafaa kusawazishia kinoo cha visu. Kwa randa hakifai mpaka nacho kisawazishwe.

Sasa tulifikie bamba la almasi. Ni sahani ya chuma au alumini iliyopakwa tabaka moja la chembe za almasi, zikishikwa na nikeli iliyotandazwa kwa umeme. Kwa kuwa almasi ni ngumu kuliko silikoni kabaidi, bamba hukata chembe zenyewe, sio udongo pekee, na jiwe lililobonyea milimita 1 hurudi bapa kwa dakika chache. Bamba lililotengenezwa vizuri hubaki bapa kwa miaka. Mashaka yake hayahusu almasi. Yanahusu nikeli. Chembe za silikoni kabaidi zilizong'oka kwenye kinoo huwa tope chini ya bamba, na tope hilo ni gumu kuliko nikeli. Huichimba pole pole kuzunguka kila chembe ya almasi mpaka chembe itoke. Kinoo cha chembe kubwa ndicho kinachoua bamba upesi zaidi, nacho ndicho kilichojaa Turkana. Watengenezaji hushauri jambo moja la kulikinga: maji mengi yanayopita wakati wote wa kazi, ili tope lisikae.

Kalokol imewahi kuona kifaa kizuri kikishindwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ufadhili wa Norway, kilijengwa hapo kiwanda cha kugandisha samaki. Mitambo ilikuwa ya kweli na samaki walikuwapo. Kilichokosekana ni njia ya kumudu gharama ya kuendesha majokofu na mahitaji ya maji safi jangwani. Kiwanda kikagandisha samaki kwa muda mfupi sana, na biashara ikarudi kwenye jua na chumvi. Katikati ya miaka hiyohiyo maji yakajiondoa katika Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa tilapia kwa wingi. Ukubwa wa mambo haya mawili haulingani hata kidogo, lakini hesabu ni ileile: bei ya kifaa hujumlisha kile kinachokiwezesha kufanya kazi kila siku. Mahali ambapo maji safi hubebwa kwa mtungi, bamba linaloomba maji yanayotiririka ni ghali kuliko bei yake ya dukani, na bei hiyo tayari ni maelfu ya shilingi kwa bamba linaloaminika.

Kioo kinaomba kidogo. Tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza itangaze mwaka 1959 njia ya kumimina kioo cha moto juu ya bati lililoyeyuka, kioo cha kawaida cha dirisha kimekuwa moja ya vitu bapa zaidi ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipata. Bati lililoyeyuka hutulia kwa uzito wake, na kioo kinachoelea juu yake hukopa utulivu huo. Mafundi wa madirisha Lodwar na Kakuma hubakiza vipande kila siku. Kipande chenye unene wa milimita 6 na ukubwa unaozidi karatasi ya msasa kinatosha. Chembamba zaidi ya hapo hupinda kikiwekwa mahali pasipo bapa. Kingo zake zisuguliwe kwanza kwa jiwe ili zisikate vidole, kisha kilazwe juu ya ubao imara wenye gazeti lililoloweshwa.

Juu ya kioo huwekwa msasa wa maji, ule mweusi ambao kampuni ya 3M ya Marekani iliuuza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na ambao leo uko kwa kila anayepaka magari rangi. Chembe zake ni silikoni kabaidi na karatasi yake haiogopi maji. Ukiulowesha upande wa chini, hushika kioo wenyewe bila gundi. Karatasi yenye namba 80 au 100 huondoa bonde; namba 220 humaliza upande wa chembe kubwa, na 400 upande wa chembe ndogo. Namba ikipanda, chembe hupungua. Ubora wa mpango huu uko hapa: kinacholiwa ni karatasi, kioo hakiguswi. Kila karatasi mpya hurudisha ubapa uleule wa siku ya kwanza, na kila karatasi hugharimu makumi ya shilingi. Udhaifu wake ni kwamba karatasi huisha upesi juu ya kinoo cha chembe kubwa, kwa kuwa pande zote mbili zina ugumu mmoja. Jiwe lililoachwa mpaka likabonyea milimita 2 linaweza kumaliza karatasi kadhaa.

Kwa jiwe la hali hiyo kuna msaada kwenye maduka ya vipuri vya magari, nao ni pesti ya kusagia valvu za injini. Ndani yake mna silikoni kabaidi iliyolegea, na chembe zilizolegea hukata upesi kuliko zilizogundishwa, maana hugeukageuka na kuleta ncha mpya kila mara. Ichukuliwe ile inayoyeyuka katika maji. Ile ya grisi huziba vinyweleo vya kinoo. Chembe zilizolegea hula kioo pia, kwa hiyo kipande kimoja kitengwe kwa pesti, kigeuzwe upande, kisha kitupwe, na kipande cha msasa kibaki safi.

Maji yanayohitajika kwa kazi hii ni kikombe au viwili, na yanaweza kuwa ya ziwa. Maji ya Turkana yana magadi, pH yake ikiwa karibu 9, na chumvi zaidi ya gramu 2 kwa lita, jambo linalowasumbua wanaoyanywa lakini lisiloiathiri silikoni kabaidi. Mwishoni kinoo kifutwe kwa maji matamu kidogo ili chumvi isikauke ndani yake na kuhamia kwenye chuma. Maji hayahayo yanafaa pia kunolea visu vya samaki. Wengi wamezoea oili chafu ya gari, lakini oili hiyo ina mabaki ya chuma na uchafu wa injini, na kisu kinatoka hapo kwenda moja kwa moja kwenye chakula cha watu. Kinoo kilichokwisha kunywa oili kioshwe kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kabla ya kukaribia msasa; vinginevyo msasa huziba kabla haujakata.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mistari ya penseli ichorwe uso mzima, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Jiwe lipelekwe kwenye karatasi nzima, sio katikati tu, na ligeuzwe mbele nyuma kila baada ya mipito michache, kwa sababu mkono mmoja daima husukuma zaidi. Mistari ya ncha hufutika kwanza. Ile ya katikati ikifutika, ichorwe tena na mipito michache iongezwe: ikifutika yote kwa pamoja, uso umefika. Rula ya chuma iliyosimamishwa kwa ubavu juu ya jiwe, mwanga ukiwa nyuma yake, huthibitisha, mradi ipimwe kwenye mishazari yote miwili.

Seremala anayefanya hivi kila wiki huondoa sehemu za mia za milimita, kwa muda usiozidi wa kunywa chai, na karatasi moja humtumikia mara nyingi. Anayengoja mpaka bonde lionekane kwa macho huondoa milimita nzima, hupoteza nusu ya asubuhi na sehemu kubwa ya jiwe, na ndiye anayeshawishika kwamba hawezi kuishi bila almasi. Karakana ya wanafunzi, kama zile za Kakuma, ambako vinoo vichache hupitia mikono mingi kwa siku, ina sababu halisi ya kununua bamba moja la almasi na kulitenga kwa vinoo vya chembe ndogo, huku vya chembe kubwa vikisawazishwa kwa pesti juu ya kioo. Kwa fundi mmoja wa Kalokol sababu hiyo haipo.

Kabla kinoo hakijaondolewa kwenye kioo, kingo zake nne zipitishwe kwenye msasa kwa mshazari, mara tatu au nne kila ukingo. Kusawazisha huziacha zikiwa kali na dhaifu. Ukingo mkali wa jiwe humeguka kwenye kona ya patasi katika mpito wa kwanza, na kipande kilichomeguka hubaki juu ya uso ambao umetoka kusawazishwa, kikingoja kuchora mgongo wa chombo kitakachofuata.